Kanuni Mpya kwa Ulimwengu wa Zamani

Kanuni zikibadilika, je, kilichojengwa juu yake kina haki ya kubaki? Swali hili huulizwa barazani na mahakamani, lakini leo, msomaji mpenzi, natutafute jibu lake katika mchezo.

Mwaka 1974 ulitolewa Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi pamoja, na kila mmoja huchukua nafsi ya mtu wa hadithi, shujaa au mchawi. Mmoja wao huwa msimulizi, na dadu huamua yaliyo na shaka. Kitabu cha kanuni huonyesha liwezekanalo. Ulimwengu wa hadithi huonyesha mahali na watu. Basi kila toleo jipya la kanuni linapotoka, wenye ulimwengu wa zamani huwa na kazi ya kuupatanisha nalo.

Tazama ulimwengu wa Forgotten Realms, uliobuniwa na Ed Greenwood wa Kanada na kuchapishwa kwa ajili ya mchezo huo mwaka 1987. Toleo la pili la kanuni, la mwaka 1989, liliondoa wauaji wa kukodiwa katika aina za wahusika. Hadithi ikaeleza kwamba wauaji wa ulimwengu ule walikufa wote. Toleo la nne, la mwaka 2008, lilitia jamii ya watu wa asili ya joka. Hadithi ikaleta msiba mkuu, nchi zikabadilishana mahali, na kalenda ikaruka miaka ipatayo 100. Wahusika wengi waliopendwa wakawa marehemu bila kuagwa.

Ulimwengu wa Eberron, wa Keith Baker, uliotolewa mwaka 2004, ulikutana na kanuni hizo hizo mwaka 2009. Huko kalenda haikuguswa. Watu wa asili ya joka walielezwa kuwa wenyeji wa siku nyingi, ila wageni hawakuwatambua. Haja ilikuwa moja. Mmoja alibomoa nyumba ili apate chumba cha mgeni, mwingine akafungua mlango ambao haukuwa umeonekana.

Utasema: hao ni watu wa kubuni, damu ya nani imemwagika? Kweli, haikumwagika damu ya mtu. Lakini ndani ya ulimwengu ule zimo saa za watu hai, vicheko vyao, na ahadi waliyopeana kwamba watendayo leo yatakumbukwa kesho. Aifutaye kumbukumbu hiyo bila shauri amewanyang'anya wenziwe kitu, ingawa hakishikiki mkononi.

Tena utasema: basi kanuni za zamani zishikwe daima. Sivyo. Mfanyabiashara akiacha pishi akatumia kilo, mchele hauzidi wala haupungui. Kadhalika kanuni nyingi ni vipimo tu, na kipimo kilicho bora chafaa kupokewa. Ugumu huja pale kanuni inapokuwa zaidi ya kipimo. Katika matoleo ya kwanza, mchawi aliyetumia uganga wake aliupoteza hata aukariri tena. Katika toleo la nne, aliweza kutumia baadhi ya uganga kila apendapo. Hapo kilichobadilika si hesabu peke yake, bali maana ya kuwa mchawi, na hadithi haina budi kujibu.

Kwa hiyo wajibu wa mwenye kupatanisha ni huu: asibadili zaidi ya haja, alipo lazima kubadili, awaulize kwanza waliojenga pamoja naye, na kilichoondoka, akiri kwamba kimeondoka. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Hawakukataza msala mpya. Walikataza kuutupa mbacha kabla ya kujua thamani yake. Nawe, msomaji, siku utakapokabidhiwa chama, shule au nchi yenye kanuni mpya, anza kwa kuuliza ni nani wanaoishi humo.