Deni la Mtega Kitendawili

Mtu akisema "Kitendawili," na wenzake wakaitikia "Tega," mapatano yamekwisha fungwa. Wakishindwa kukitegua humpa mji, naye akiisha kuupokea hana hiari tena: hana budi kutoa jibu. Akiuchukua mji na kunyamaza, hata mtoto mdogo atamwita mdanganyifu. Desturi hii ndogo ina hukumu kubwa ndani yake, nayo yafaa kupimia swali lisilokwisha kubishaniwa na wasomaji wa hadithi za upelelezi: je, mwandishi aliyefunga fumbo ana haki ya kumaliza kitabu bila ya kulifungua?

Muhammed Said Abdulla alilipa deni hili kwa ukamilifu katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa hukusanya dalili, na mwisho huzieleza hata msomaji akatosheka. Charles Dickens hakulilipa. Alikufa mwaka 1870, na hadithi yake ya Edwin Drood ikabaki nusu. Lakini yeye husamehewa, maana mauti hayangoji mtu amalize sura. Shida ni ya mwandishi aliye hai, mwenye wino kalamuni, achaguaye kunyamaza.

Mmoja wa hao ni Tana French, katika riwaya yake In the Woods ya mwaka 2007. Wakati wa kiangazi cha mwaka 1984 watoto watatu wa miaka 12 waliingia mwituni karibu na Dublin. Mmoja alionekana amegandamana na mti, viatu vyake vimejaa damu, wala hakumbuki lolote. Wenzake, Peter na Jamie, hawakuonekana tena. Miaka 20 baadaye yule aliyesalia, Rob Ryan, ni askari mpelelezi aliyeficha asili yake, naye anapewa kesi ya msichana aliyeuawa mahali pale pale. Msomaji hukesha akitumaini kwamba kifo kipya kitafichua upotevu wa kale. Kifo kipya kinaelezwa; upotevu wa kale hauelezwi kamwe. Kitabu kilipata tuzo ya Edgar mwaka 2008, lakini wasomaji wengi walikifunga kwa uchungu.

Mashtaka yao si mepesi. Ahadi ni deni. Msomaji alitoa mji wake, yaani saa zake, usingizi wake na imani yake. Na kiu yake iliongezwa sura kwa sura na mtu aliyejua kwamba kisimani hamna maji.

Watetezi husema kwamba ndivyo dunia ilivyo: wako wazazi waliopotelewa na watoto wakaingia kaburini bila ya kupata habari. Neno hili ni kweli, lakini halitoshi. Dunia haikusema "Kitendawili," wala haikupokea mji wa mtu. Aliyeupokea hawezi kujificha nyuma ya dunia.

Utetezi wenye nguvu umo ndani ya kitabu chenyewe. Usiku mmoja Ryan analala katika mwitu ule, na kumbukumbu zake zinaanza kurudi. Hofu inamshika, anakimbia, nazo hazirudi tena. Kwa hiyo jibu lilibisha mlangoni, na mwenye nyumba akakataa kufungua. Baada ya usiku huo anamtupa Cassie, rafiki yake wa kweli, na kumwamini Rosalind, dada wa marehemu, aliyemdanganya juu ya umri wake; na kwa udanganyifu huo yule aliyepanga mauaji anaponyoka adhabu iliyomstahili. Fumbo lililofunguliwa na fumbo lililofungwa yana maana moja: ukweli hudai ujasiri, na mwoga huukosa hata ukiwa mkononi mwake.

Mtu atauliza: kosa ni la Ryan, mbona adhabu inamwangukia msomaji? Kwa sababu msomaji hakupewa macho mengine ila ya Ryan. Jibu kutoka kwingine lingalikuwa sadaka isiyo na mtoaji. Basi hukumu yangu ni hii: mwandishi si lazima alipe kwa jibu, lakini ni lazima alipe. Akinyamaza, na atuonyeshe ni nani aliyesababisha kimya hicho, na kwa kosa gani. Asiyefanya hivyo ameuiba mji. French amelipa, ingawa kwa sarafu isiyopendwa na wengi.

Hata hivyo, msomaji naye ana hesabu ya kutoa. Tulipofika mwisho tulilalamika kwamba jibu limetupotea. Ni wangapi katika sisi waliolalamika kwamba Peter na Jamie wamepotea?