Kamati Isiyokuwapo

Usiku wa tarehe 21 Novemba 1869, kwa kalenda ya zamani ya Urusi, mwanafunzi wa chuo cha kilimo cha Petrovsky, nje kidogo ya Moscow, aliitwa na wenzake katika bustani ya chuo. Aliambiwa kuna mtambo wa kuchapia umefichwa ndani ya pango, na chama chao cha siri kinauhitaji. Ivan Ivanov akaenda. Mtambo hakuukuta. Wenzake walimkaba, kiongozi wao akampiga risasi ya kichwa, kisha wakaitosa maiti katika bwawa lililokuwa jirani.

Ivanov hakuwa ameiba wala kumsaliti mtu. Kosa lake ni kwamba aliuliza swali.

Kiongozi huyo aliitwa Sergey Nechayev. Alizaliwa mwaka 1847 katika nyumba ya kimaskini huko Ivanovo, mji wa viwanda vya nguo, akajisomesha kwa tabu mpaka akawa mwalimu Saint Petersburg. Tusimhukumu kabla ya kuitazama nchi aliyokulia. Mfalme wa Urusi alitawala bila katiba. Wakulima walitolewa utumwani mwaka 1861, lakini wakabebeshwa deni la miaka mingi kuilipia ardhi waliyoilima wao na babu zao. Wanafunzi walikatazwa hata kuunda vyama vyao vya kusaidiana. Vijana walikuwa na hasira, na walikuwa na haki ya kukasirika.

Katika hasira hiyo ndipo ilipoingia fikra ya anakia. Neno lenyewe lina asili ya Kigiriki, maana yake ni kukosa mtawala. Wengi hulisikia wakadhani ni jina jingine la ghasia, lakini Mfaransa Proudhon, aliyejiita mfuasi wa anakia mwaka 1840, hakuwa akihubiri fujo. Alikuwa akisema kwamba watu wanaweza kupatana wenyewe, wakafanya kazi na kugawana bila askari kusimama juu ya vichwa vyao. Sisi tunaochimba kaburi la jirani bila kungoja amri ya serikali, na kuchangishana mahari na ada za shule, hatuwezi kuicheka ndoto hiyo. Kuna ukweli ndani yake.

Lakini ndoto njema huweza kushikwa na mkono mbaya. Mwaka 1869 Nechayev alifika Geneva, Uswisi, kwa Mikhail Bakunin, mzee aliyekuwa nguzo ya anakia Ulaya nzima. Akamwambia kwamba ametoroka katika gereza la ngome ya Petro na Paulo, na kwamba nyuma yake Urusi ipo kamati kubwa ya mapinduzi. Yote mawili yalikuwa uongo. Bakunin naye akampa kadi namba 2771 ya umoja wa wanamapinduzi wa Ulaya, ili yeyote atakayeiona namba hiyo adhani kuna maelfu ya wanachama. Umoja huo nao haukuwapo. Mmoja aliuza hewa, mwenzake akailipia kwa upepo.

Kijana akarudi Moscow na kadi yake. Alikuwa pia na andiko la kanuni 26 za mwanamapinduzi, linalofundisha kwamba mtu wa mapinduzi akate undugu, urafiki, mapenzi na hata aibu, na kila kinachosaidia mapinduzi akihesabu kuwa halali. Akawapanga wafuasi katika vikundi vya watu watano watano, kila kikundi kikitii amri kutoka juu. Huko juu, alisema, iko Kamati. Amri ya Kamati haihojiwi.

Kamati hiyo ilikuwa ni yeye mwenyewe.

Ivanov alianza kushuku. Akahoji kama Kamati ipo kweli, akakataa kutii asichokijua. Nechayev akawaambia wengine kwamba mtu huyu atawachongea kwa polisi, hivyo lazima afe. Wakakubali, na damu ikawafunga pamoja kuliko kiapo chochote.

Njia ya mwongo ni fupi. Maiti ilionekana baada ya siku chache, na mwaka 1871 makumi ya watu wakafikishwa mahakamani. Nechayev alikuwa ameshakimbilia Uswisi akiwaacha wenzake wabebe mzigo. Huko nako aliiba barua za waliomhifadhi ili awatishe kwazo, hata Bakunin akavunja uhusiano naye mwaka 1870. Alikamatwa Zürich mwaka 1872, akarudishwa kwao na kuhukumiwa miaka 20. Safari hii aliingia kweli katika ile ngome aliyodai kuitoroka. Akafia humo tarehe 21 Novemba 1882, siku ileile aliyomuua Ivanov, miaka 13 baadaye.

Habari za mauaji zilimkuta mwandishi Fyodor Dostoevsky akiishi Dresden, Ujerumani. Shemeji yake, ndugu wa mkewe, alikuwa mwanafunzi wa chuo kilekile. Tena Dostoevsky mwenyewe hakuwa mgeni wa mambo hayo. Mwaka 1849 alihukumiwa kifo kwa kushiriki mikutano ya siri, akasimamishwa mbele ya wenye bunduki, ndipo msamaha ukasomwa, akapelekwa Siberia kufanya kazi ngumu kwa miaka minne. Kutokana na kisa cha Ivanov aliandika riwaya ya Besy, neno la Kirusi lenye maana ya mashetani, iliyoanza kutoka jaridani mwaka 1871. Ndani yake yumo mhusika Shigalyov, anayepanga jamii mpya kuanzia uhuru usio na mpaka, na kila akipiga hesabu zake anafikia udikteta usio na mpaka.

Hesabu hiyo ndiyo funzo la kisa hiki. Nechayev hakuuondoa utawala. Aliuficha. Mfalme wa Urusi alikuwa dhalimu, lakini jumba lake lilijulikana, na waliompinga walijua walikokuwa wakielekeza kilio chao. Kamati ya Nechayev haikuwa na jumba, sura wala mlango wa kubisha. Ukishasema hapa hakuna mkubwa, yule aliye mkubwa kwa siri hawezi kuulizwa, kwa kuwa umekwisha kukana kwamba yupo. Mamlaka yasiyokiriwa ndiyo mamlaka yasiyo na lijamu.

Nasi tunayo makundi ya aina hiyo. Kila palipo na dhuluma ya kweli huzuka mtu mwenye maneno matamu, anayesema ametumwa na walio juu asioweza kuwataja. Huwachukua vijana kwa hasira yao ya haki, kisha huwatenga na mama zao na marafiki zao, na mwisho huwapa kazi ya kuchafua mikono ili wasipate njia ya kurudi.

Kijana unayesoma haya, usiache kuichukia dhuluma. Lakini kabla hujamtii mtu, uliza Kamati iko wapi, ina nani, na nani aliyeichagua. Kikundi chenye haki kitakujibu. Kisichotaka uulize, ondoka humo mapema, na umshike mkono rafiki yako mtoke pamoja.