Pip, Estella, na Joe Tunayemsahau



Kumpenda mtu asiyekupenda si dhambi. Naanza hapo kwa sababu wapo wanaodhani Mungu amewaadhibu kwa vile tu ujumbe wao umesomwa na haukujibiwa.

Charles Dickens alitoa riwaya yake Great Expectations kwa vipande gazetini, 1860 hadi 1861. Pip, yatima, analelewa na dada yake na shemeji yake Joe, mhunzi wa kijijini. Anaitwa kwenda kucheza kwa Miss Havisham, mama aliyeachwa na mchumba siku ya harusi, akasimamisha saa zote saa tatu kasoro dakika ishirini na kubaki na gauni lile lile miaka yote. Yule mama jeraha lake kaligeuza altare! Humo ndani Pip anakutana na Estella, anayemcheka kwa mikono yake migumu na viatu vyake vya kishamba. Basi, kijana kwisha.

Ila tumtendee haki Estella. Hakumdanganya Pip. Alimwambia wazi kwamba hana moyo wa kupenda; Miss Havisham alimlea hivyo makusudi, awalipizie kisasi wanaume. Pip alisikia, hakukubali. Na sisi (hasa wavulana) tunaita hali hiyo uvumilivu. Unachungulia picha zake saa nane za usiku, unasali novena ili abadilishe jibu. Jamani! Jibu ni lake. Mungu aliyempa hiari hawezi kumnyang'anya ili wewe ufurahi.

Kinachonisumbua zaidi ni Joe. Pip anapata fedha, anahamia London. Joe anamtembelea, kofia hajui aiweke wapi, anamwita "bwana" mtoto aliyemlea mwenyewe. Pip anamwonea aibu. Baadaye anarudi kwao kumwona Estella, analala hotelini, kwa Joe hafiki. Yaani analia kwamba hapendwi, na huku anamfanyia Joe yale yale anayofanyiwa na Estella. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwenzako mema. Kwa kipimo hicho, mpenzi wa kweli katika kitabu hiki ni mhunzi: Pip anapougua na madeni yamemfika shingoni, Joe anakuja, anamuuguza, anamlipia deni, kisha anaondoka asubuhi akiacha barua fupi na stakabadhi.

Someni Marko sura ya 10. Kijana tajiri anamjia Yesu, na Mwinjili anasema Yesu alimtazama akampenda. Kijana akaondoka na huzuni yake. Yesu hakumkimbilia, hakupunguza masharti, wala hakumchukia. Sura hiyo hiyo, mistari michache mbele, yuko njiani, ametangulia mbele ya wanafunzi wake, anapanda kwenda Yerusalemu.

Tuombeane.