Kichwa cha Habari Kilichotangulia Habari

Tarehe 4 Novemba 1948, treni iliyokuwa ikimrudisha Harry Truman Washington ilisimama St. Louis. Truman alitokeza nyuma ya behewa la mwisho, akapewa gazeti, akaliinua kwa mikono miwili ili wapiga picha walione. Lilikuwa Chicago Daily Tribune la jana yake, na kichwa chake cha habari, kwa herufi nene zilizotanda ukurasa mzima, kilisema kwamba Dewey amemshinda Truman. Aliyelishika ndiye Truman, na ndiye aliyekuwa ameshinda uchaguzi wa urais wa Marekani. Uso wake katika picha ile ni uso wa mtu aliyealikwa kwenye hitima yake mwenyewe, akakuta pilau ni nzuri.

Picha hii imechekwa kwa zaidi ya miaka 70, nami nimo katika wachekaji. Ukurasa wenyewe unachekesha kuliko picha. Ulitangaza pia kwamba chama cha Republican kinaelekea kuzoa viti vya jimbo la Illinois, yaani nyumbani kwa gazeti lenyewe. Kulipokucha, Illinois ilikuwa imempata gavana wa Democrat, Adlai Stevenson, na seneta wa Democrat, Paul Douglas, na kura za jimbo lile zilikuwa zimekwenda kwa Truman. Juu ya hayo, mistari kadhaa ya habari ile ilitoka kichwa chini miguu juu, kana kwamba wino ulipata wasiwasi kabla ya mhariri.

Udhuru ulikuwapo. Mafundi wa kupanga herufi walikuwa katika mgomo tangu Novemba 1947, kwa hiyo kurasa zilipigwa taipu, zikapigwa picha, ndipo zikatiwa kwenye mabamba ya kuchapia. Kazi hiyo ilidai gazeti lifungwe saa kadhaa mapema kuliko kawaida, kura zikiwa bado zinahesabiwa. Mhariri akamtegemea Arthur Sears Henning, mwandishi wao wa Washington, aliyekuwa amepatia chaguzi nne kati ya tano. Wala Henning hakuwa peke yake. Newsweek lilikuwa limewauliza waandishi 50 wa siasa, na wote 50 wakamtaja Dewey. Life lilichapa picha ya Dewey akiwa kwenye feri katika ghuba ya San Francisco, likamwita rais ajaye. Elmo Roper, mpima maoni ya watu, alikwisha kutangaza tangu Septemba kwamba haoni haja ya kuendelea kuchapisha takwimu zake. Usiku wa kuhesabu kura, katika nchi nzima iliyokuwa ikijua matokeo, mtu mmoja alikwenda kulala mapema, naye alikuwa Truman.

Je, Tribune lilisema uongo? Siwezi kusema hivyo. Mwongo anaujua ukweli akauficha, na wale waliamini walichokiandika. Basi walikosea tu? Hapo ndipo ninaposita, kwa sababu neno hilo linatufanya tuipime kazi yao kwa matokeo. Tuseme Dewey angeshinda. Kichwa cha habari kingekuwa kilekile, kimeandikwa saa ileile na watu walewale wasiojua. Henning angepongezwa kwa kupatia tano kati ya sita, na gazeti lile lingelala maktaba bila kumchekesha yeyote. Kitendo kisingebadilika hata kidogo, ila hukumu yetu. Kwa hiyo tunachokicheka ni bahati mbaya, na bahati njema tunaiita weledi. Zile nne alizopatia Henning hakuna aliyeziuliza zilipatikanaje.

Lugha yetu ina kipimo kizuri hapa. Kushuhudia ni neno la aliyeona, na ni neno la anayetoa habari ya alichokiona. Kiswahili hakikuona haja ya kuwatenganisha. Mtu atanijibu kwamba hakuna maisha bila kubahatisha: mkulima hupanda kwa makisio, nahodha hutweka tanga kwa makisio. Ni kweli. Lakini kosa la usiku ule limekaa katika silabi moja. Anayeniambia Dewey atashinda ananiachia nafasi ya kumbishia. Anayeniambia Dewey ameshinda amenifungia mlango kwa ufunguo asiokuwa nao. Wale 50 wa Newsweek walisimama kwenye -ta-, wakaaibika kwa kiasi. Tribune lilivuka likaingia -me-.

Nasema haya nikiwa na deni. Miaka kadhaa iliyopita iliniingia simuni tanzia ya maalim aliyenifundisha alifu na be. Sikuuliza nani aliyeona. Niliipamba kwa maneno mazuri, nikaituma London, Muscat na Toronto, na moyoni, nikiri, nilifurahi kidogo kuwa wa kwanza. Rambirambi zikamiminika. Baada ya saa tatu simu yangu ikalia, na sauti ilikuwa ya marehemu.

"Mwanangu," akasema, "nimeisoma tanzia yangu. Umenisifu kuliko ninavyostahili, ila mwaka wa kuzaliwa umekosea."

Nikaomba radhi, tukacheka. Kisha akanyamaza.

"Binti yangu ameisoma kazini huko Muscat. Amelia saa mbili. Hizo utamrudishiaje?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Ninalolijua ni kwamba maalim angekuwa amekufa kweli siku ile, wote wangenishukuru kwa kuwapasha habari, naye binti angenishukuru, na mimi ningejiona mtu mwema, ilhali nilichokuwa nakijua kingekuwa kilekile, yaani si chochote.

Mwaka uliofuata ukaja ujumbe mwingine, ukifanana mno na ule wa kwanza. Sikuutuma kokote. Nilipiga simu Muscat, ikaita muda mrefu. Binti yake alipopokea hakungoja salamu.

"Mara hii ni kweli," akasema. "Nimo chumbani."