Mtu Aonaye Vinundu Mwilini Mwake

Masomo: Walawi 13:1-8 na Luka 17:11-19



Sura ya 13 ya kitabu cha Walawi haisomwi sana katika ibada zetu. Wengi wakiifikia huipita upesi, kwa kuwa imejaa habari za uvimbe, ukurutu na madoa ya ngozi. Husema, Haya ni mambo ya Waisraeli wa kale, sisi yatufaa nini? Lakini yuko mtu aliyeona vinundu mkononi mwake, akangoja mwezi mmoja visiondoke, akangoja mwezi wa pili vikaongezeka. Mtu huyo akiisoma sura hii atatambua ya kuwa yamhusu yeye. Maana ndani yake twaona jinsi Mungu alivyowahurumia watu wenye mashaka juu ya miili yao, akawawekea njia ya kuijua kweli. Basi tuangalie mambo matatu.

Kwanza, Mungu ataka jambo hili liletwe nuruni. Sheria haikumwamuru mgonjwa ajifiche, wala haikumpa jirani ruhusa ya kumhukumu. Iliagiza aletwe kwa Haruni, au kwa mmoja wa wanawe makuhani, naye amwangalie. Je, kwetu huwaje? Mtu huvaa nguo ya mikono mirefu hata wakati wa jua kali. Kanisani huketi pembeni, peke yake. Usiku huamka akapapasa vinundu vyake gizani, akivihesabu. Mwisho huenda kwa mpiga ramli, naye hamwulizi habari za ngozi yake, bali amwuliza ni nani adui yake. Akirudi nyumbani, vinundu viko vile vile, mbuzi wake amekwenda, na jirani aliyekuwa akimwazima jembe amekuwa mchawi machoni pake. Wazee walisema kweli: Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Tena kuchelewa kuna hasara yake. Ugonjwa wa ukoma huja polepole sana. Toka mtu aambukizwe mpaka dalili zionekane yaweza kupita miaka 5, na kwa wengine miaka 20 au zaidi. Huanza bila maumivu: baka lililofifia rangi, lisilosikia kuguswa, au vinundu usoni na masikioni, au ganzi ya mikono na miguu. Kwa kuwa haumi, mtu husema, Nitangoja. Lakini dawa ziko. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza dawa kadhaa zitumiwe pamoja, na tangu 1995 wagonjwa hupewa bila malipo. Mwenye dalili chache huzitumia miezi 6, mwenye dalili nyingi miezi 12, naye hupona. Dawa hizo huua vijidudu. Lakini vidole vilivyokwisha kuharibika hazivirudishi. Basi ndugu, aliyekuja mapema na aliyekuja baada ya miaka kumi wote wawili watapona ukoma, lakini huenda mmoja tu atashika jembe kwa mikono mizima.

Pili, Mungu ataka tuchunguze kwa uangalifu, pasipo haraka. Kuhani alimtazama mtu. Kama jambo halikubainika, alimtenga siku 7, akamtazama tena. Kama bado lilikuwa na shaka, alimtenga siku 7 nyingine. Hakusema kwamba ni ukoma kwa sababu ya hofu, wala hakusema si kitu ili kumpendeza mtu. Angalieni pia mstari wa 6: baada ya siku hizo zote huenda kuhani akaona ya kuwa ni upele tu, naye mtu akafua nguo zake akawa safi. Ni furaha iliyoje kwa mtu aliyelala siku 14 akijiona amekwisha kufa!

Hata leo mambo ni hayo. Vinundu na vipele vingi si ukoma. Upele wa kuwasha usiku, hasa katikati ya vidole, mara nyingi huletwa na mdudu mdogo sana achimbaye ngozini, na watu wa nyumba nzima hutibiwa pamoja. Katika nchi za mito iendayo kasi, kama Mahenge, nzi wadogo waitwao usubi hueneza minyoo iletayo mwasho na vinundu chini ya ngozi. Viko vipele vya ukuvu. Viko vya udhaifu wa mwili, kama kwa mwenye virusi vya ukimwi asiyeanza dawa. Viko na vivimbe visivyodhuru kabisa. Kwa macho ya jirani vyote ni kitu kimoja. Hata neno la Kiebrania tulilozoea kulitafsiri ukoma lilijumlisha magonjwa mengi, tena lilitumika kwa madoa ya nguo na ya kuta za nyumba. Kwa hiyo tusiwe wepesi wa kumtia mtu jina.

Ukoma wenyewe ulidhaniwa siku nyingi kuwa ni laana, au ugonjwa wa kurithiwa katika ukoo. Mwaka 1873 daktari mmoja wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, katika mji wa Bergen, aliangalia kwa hadubini vitu alivyovitoa katika vinundu vya wagonjwa, akaviona vijidudu vilivyo kama vijiti. Ndipo watu walipoanza kufahamu ya kuwa chanzo chake ni vijidudu, wala si laana ya ukoo. Uchunguzi wa kweli humwondolea mgonjwa mzigo ambao Mungu hakumtwika.

Tatu, Bwana wetu mwenyewe hakudharau njia hiyo. Wale kumi walipopaza sauti kwa mbali, aliwaagiza waende kwa makuhani wakajionyeshe, nao walipokuwa njiani walitakaswa. Vivyo hivyo mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, akaahidiwa kuongezewa miaka 15, na bado Isaya akaamuru mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Sala haikuizuia dawa, wala dawa haikuifukuza sala. Anayesema kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani, amwambie Isaya kwanza.

Lakini huenda mwingine amekwenda, ameangaliwa, amengoja, na daktari bado hajapata jina la ugonjwa wake. Ndugu, usikate tamaa. Rudi tena siku uliyoagizwa. Siku za kungoja nazo zimo katika sheria ya Mungu. Wala usiwasikilize wakuulizao ni dhambi gani uliyotenda. Rafiki za Ayubu walimwuliza hivyo naye ameketi majivuni na majipu yake, na Mungu aliwakasirikia wao. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe; hakuondolewa, lakini alipewa neema ya kumtosha.

Nanyi walimu na wazee wa kanisa, kazi yenu ni hii. Mkiona mtu ajitenga, mwendeeni kwa upole, mkamsindikize hadi zahanati. Msimtume peke yake. Jina la ugonjwa wake msilipeleke sokoni. Na mgonjwa wa ukoma akiisha kuanza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Basi msimfanyie kiti chake mbali, wala msimnyime meza ya Bwana. Kuhani wa kale hakuwa na uwezo wa kuponya. Alitambua tu, akatangaza. Kuhani wetu Mkuu alinyosha mkono akamgusa mwenye ukoma kabla hajatakasika. Kanisa lake lisiogope kugusa.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe wazijua ngozi zetu na mioyo yetu. Uwatie moyo wajifichao, wapate kujionyesha. Uwape waganga wa hospitali macho ya kutambua. Uwape wangojao uvumilivu, nasi utupe mikono isiyowakwepa. Amina.