Kucheka kunafanya kazi gani?

Mu desturi yetu ngoma haikuwa ya kufurahisha tu. Iliita watu ku kilio, iliwaita ku ndoa, na mu wimbo mutu aliweza kumuambia mukubwa neno ambalo angeogopa kulisema wazi. Sasa tunajiuliza: michezo na nyimbo zinaweza kweli kubadilisha watu, ao zinatuliza tu hasira yetu?

Tuangalie Lubumbashi. Kundi la Mufwankolo lilijulikana miaka mingi mu radio na mu televizyo, mu Swahili ya watu wote. Mu mwaka 1986 lilicheza mu kijiji cha Kawama mchezo juu ya neno la wazee linalosema kama utawala unaliwa muzima. Hawakuwa na maandiko. Walikaa kwanza, wakabishana juu ya maana ya neno lile, halafu njo wakaingia mu mchezo. Ilikuwa wakati wa Mobutu na chama kimoja. Kubishana juu ya utawala, hata kwa kucheka, hakikuwa kitu kidogo.

Lakini tusijidanganye. Ngoma ile ile ilitumika mu animasyo ya M.P.R.: watu walivaa nguo nzuri, wakacheza kwa kumusifu kiongozi, na hakuna aliyeruhusiwa kujibu. Basi uzuri ao ubaya hauko mu ngoma yenyewe.

Uko wapi? Sisi tunaona ni hapa: yule anayeangalia, anaachiwa nafasi ya kufikiri na kujibu? Tshibumba Kanda Matulu, alipochora historia ya inchi yetu mu 1973 na 1974, alichora pia wafanyakazi wa Union Minière waliouawa mu 1941 walipogoma juu ya mushahara. Picha ya namna hiyo haiamuru mutu kitu. Lakini ikitundikwa ku ukuta, mutoto atauliza: hawa walikufa juu ya nini? Na mukubwa atalazimishwa kujibu.

Leo kuna michezo inayolipwa na miradi, juu ya UKIMWI, amani, ao masomo ya wabinti. Hatuikatai, muchezaji naye anakula. Lakini kama mwenye makuta njo anachagua kila neno mpaka la mwisho, tumerudi ku animasyo. Bendera tu njo imebadilika.

Kucheka hakuongezi mushahara, hakutengenezi barabara. Lakini mutu aliyemucheka mukubwa amekwisha kumuona kuwa mutu kama yeye, na kesho anaweza kumuuliza. Wasanii wetu, mutufurahishe, lakini mutuachie swali la kurudi nalo ku nyumba.