Hodi ya Kifutu

Twende pamoja, msomaji wangu mdogo, tutoke Silanga, tuliache nyuma Bwawa la Nairobi na magugu yake, hadi Makumbusho ya Taifa penye bustani ya nyoka. Tusimame mbele ya kioo. Mara ya kwanza huoni ila majani makavu na mchanga. Tazama tena: katikati ya majani pana jicho.

Huyo ni kifutu, wengine humwita bafe. Mgongo wake una mistari ya manjano na hudhurungi iliyopindwa kama ncha za mishale, mmoja ukimfuata mwenziwe toka shingoni hadi mkiani, kama ukili uliosukwa na mkono usiokosea. Ni nani aliyezichagua rangi hizo zikalingana na nyasi zilizokauka? Hata mbwa, mwenye pua isiyodanganywa, aweza kumpita karibu asimnuse. Chonge zake ndefu hulala zimekunjwa kaakaani kama kisu ndani ya ala, zikingoja siku ya haja.

Kule Marekani wako jamaa zake waliovishwa njuga mkiani; kila wajivuapo gamba, pingili moja huongezeka, na wakitishwa huzitikisa. Kifutu hakupewa njuga, alipewa pumzi. Huvuta hewa akavimba, kisha akaitoa kwa mfoko mrefu, kama gurudumu la matatu linalotolewa upepo. Kimya kingi kina mshindo mkuu! Aliyepewa sumu ya kuua akapewa pia adabu ya kupiga hodi, nami katika hodi hiyo naona rehema iliyo kubwa kuliko sumu yenyewe.

Wala hatagi mayai. Huzaa watoto hai, mara nyingi 20 hadi 40. Mmoja aliyetoka Kenya, akitunzwa katika bustani ya wanyama nchini Cheki, alizaa 156 kwa mkupuo mmoja, na hajulikani nyoka mwingine aliyemfikia. Kila kitoto huja duniani na mishale yake mgongoni, na sumu yake tayari.

Basi ukiisikia hodi hiyo nyasini, simama, kisha urudi nyuma taratibu. Jiwe liache chini. Usiku tembea na tochi, kwa kuwa akikanyagwa hana nafasi ya kupiga hodi. Na mtu akiumwa, msimchanje wala msimfunge kamba: mtulizeni, mumkimbize hospitali.